Kibali cha usalama cha Marekani kwa mwenye historia ya pombe na makosa ya nyuma: uzi wa kuelekezana

#1 MlindaFaili

Wakuu, salaam. Suala hili linarudi humu kila baada ya wiki chache na majibu yametapakaa kwenye nyuzi tofauti. Mengine yanamkatisha mtu tamaa bila sababu, mengine yanamfundisha kudanganya. Tuyaweke pamoja.

Tunaongelea kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, ngazi za Secret na Top Secret. Ndicho wanachotakiwa kuwa nacho askari wengi, wakalimani wanaopelekwa Camp Lemonnier kule Djibouti, na mafundi wa mitandao walioajiriwa na makampuni yenye mikataba na Pentagon. Mwombaji lazima awe raia. Mwenye Green Card asipoteze muda, kwake kuna ruhusa ndogo yenye mipaka tu, na hutolewa kwa nadra sana.

Waraka unaotawala maamuzi unaitwa SEAD 4, ulianza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Una miongozo 13, A mpaka M. Inayotuhusu ni G (pombe), J (jinai), E (mwenendo binafsi, na humo ndimo uongo unapohukumiwa) na mara nyingi F (fedha), maana ulevi na madeni huandamana.

Hakuna mstari kwenye waraka huo unaosema aliyewahi kuwa mlevi hapewi kibali. Wala hakuna mstari unaosema ukikaa miaka kadhaa bila kosa unapewa. Anayekwambia "subiri miaka saba iishe" amechanganya mambo: saba ni kipindi cha baadhi ya maswali ya fomu, si muda wa kusamehewa. Na kibali si haki ya mtu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalisema hilo mwaka 1988 katika shauri la jeshi la majini dhidi ya Egan. Serikali ikishaonyesha tukio, kazi ya kuthibitisha kwamba umebadilika ni yako, na shaka ikibaki, inaamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa.

Naanza na fomu. Wengine endeleeni.

#2 MlindaFaili

Fomu ni SF-86, inajazwa kwa mtandao kwenye mfumo wa eApp. Wengi wanaanguka kwenye sehemu ya 22 na ya 24 kwa kutosoma neno moja: "EVER", yaani katika maisha yako yote.

Sehemu ya 22 (polisi na mahakama) inauliza mambo mengi ya miaka 7 iliyopita. Faini ya barabarani iliyo chini ya dola 300 unaweza kuiacha, ila tu kama haikuhusu pombe wala dawa za kulevya. Kisha yanakuja maswali ya maisha yote, na mojawapo ni kama umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote linalohusu pombe au dawa. Sasa angalia: kesi ya DUI (kuendesha gari ukiwa umelewa) ya mwaka 2006 iko nje ya miaka 7, lakini inaingia hapa. Neno ni "kushtakiwa", si "kutiwa hatiani". Kesi iliyofutwa na mwendesha mashtaka bado ni mashtaka.

Sehemu ya 24 (pombe) ina swali moja la miaka 7: je, pombe imewahi kuathiri kazi yako, mahusiano, fedha, au kuleta polisi? Matatu yanayofuata ni ya maisha yote: umewahi kuamriwa, kushauriwa au kuombwa utafute ushauri nasaha au matibabu kwa sababu ya pombe, umewahi kutafuta mwenyewe kwa hiari, umewahi kupata matibabu mengine zaidi ya hayo uliyotaja. Daktari wa kawaida aliyekwambia "nenda ukamwone mtaalamu kuhusu unywaji wako" amekushauri. Hata usipokwenda, jibu ni ndiyo.

Sehemu ya 13A inauliza kama katika miaka 7 ulifukuzwa kazi, uliacha baada ya kuambiwa utafukuzwa, au uliondoka kwa makubaliano baada ya tuhuma. Barua ya HR ikiandika "ameacha kwa hiari" na bosi wako akamwambia mpelelezi kitu kingine, anayeonekana mwongo ni wewe. Eleza yote mawili kwenye nafasi ya maelezo.

#3 Nyota_ya_Kilwa

Asante mkuu. Naomba ufafanuzi. Kuna watu jaji aliwafutia kesi, na karatasi inasema kisheria ni kama haikutokea. Wakili akawaambia wakiulizwa wajibu hapana. Hapo inakuwaje?

#4 KaraniWaShauri

Dada Nyota, hilo limewaponza wengi. Maelekezo ya sehemu ya 22 yanasema wazi: taja hata kama rekodi imefungwa, imefutwa au kesi imeondolewa. Kinachoachwa ni aina moja nyembamba ya hukumu za dawa za kulevya chini ya sheria ya shirikisho, ambazo mahakama ya shirikisho ilizifuta kwa vifungu maalumu. Haihusu pombe kabisa.

Wakili wa jimbo anajibu kwa sheria ya jimbo lake, na kwa mwajiri wa kawaida yuko sahihi. SF-86 ni ya shirikisho. Majimbo pia yana majina yanayochanganya. Maryland wana ile wanayoita PBJ, ambapo jaji anakuweka chini ya uangalizi bila kukutia hatiani. California wanaruhusu kukiri kosa dogo la uendeshaji wa hovyo huku pombe ikitajwa. Texas wana hukumu zinazosimamishwa kwa masharti. Jina la kesi pia linabadilika: DUI, DWI, OUI, OWI. Zote ni "ndiyo".

Kabla hujagusa eApp, kusanya karatasi hizi:
- Rekodi yako ya FBI, ile ya alama za vidole. Ada ni dola 18.
- Nakala ya mwisho wa shauri kutoka kwa karani wa mahakama, yenye muhuri. Picha ya simu haitoshi.
- Ripoti ya polisi ya usiku ule. Ndiyo itakayosomwa na mwamuzi (afisa anayeamua kama upewe kibali), na humo mna kipimo cha pumzi. Kiwango cha kisheria ni 0.08 majimbo karibu yote, Utah ni 0.05. Ukiandika "nilikunywa bia mbili" na ripoti inasema 0.17, umejiumiza mwenyewe.
- Ushahidi kwamba ulimaliza masharti yote: darasa la pombe, faini, saa za kazi za jamii, kifaa cha pumzi kwenye gari.

Hilo la mwisho watu wanalidharau. Kutotimiza amri ya mahakama kuhusu elimu, tathmini au matibabu ya pombe ni kasoro inayojitegemea ndani ya Mwongozo G. Mtu ana DUI moja ya zamani ambayo ingepita, lakini alikwepa masomo mawili ya mwisho ya darasa, na hilo ndilo linaloandikwa.

Kukamatwa nyumbani nako kunahesabika. Kama ulilala ndani Nairobi baada ya kupuliza alkoblo (kipimo cha pumzi cha polisi), au Dar kwa ugomvi wa baa, taja. Cheti cha Mwenendo Mwema cha DCI (idara ya upelelezi ya Kenya) kikija safi hakifuti jibu lako, kinaonyesha tu kwamba hakuna kilichosajiliwa.

#5 MuuguziWaPwani

Niongezee upande wa matibabu, maana hapa ndipo napoona ushauri mbaya zaidi mitandaoni.

Mwongozo G unatofautisha watu wawili. Wa kwanza alifanya makosa ya pombe lakini hana utambuzi wa kitaalamu wa ugonjwa. Wa pili alishaambiwa na mtaalamu anayetambulika (daktari, mwanasaikolojia wa tiba, daktari wa akili, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba) kwamba ana ugonjwa wa matumizi ya pombe. Njia zao si moja.

Utambuzi unafanywa kwa DSM-5, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha kutambua magonjwa, ambacho kwa ugonjwa huu kina dalili 11. Ukiwa nazo 2 au 3 katika miezi 12, ugonjwa ni mwepesi. 4 au 5, wa kati. 6 na kuendelea, mkali. Baada ya dalili kuisha (hamu ya pombe haihesabiwi) kwa miezi 3 inaitwa nafuu ya awali, na kuanzia miezi 12 nafuu endelevu. Maneno hayo mawili ya mwisho, yakiandikwa na mtaalamu kwenye barua yake, yana uzito mkubwa.

Sasa mtego. Ukishatambuliwa na mtaalamu akakuelekeza uache kabisa, kunywa tena kwa kiasi chochote ni kasoro mpya, hata kama hukulewa wala hukuvunja sheria. Bia moja ya harusini inatosha. Waraka unasema unywaji usiolingana na maelekezo ya matibabu baada ya utambuzi. Kwa hiyo usisimame mbele ya mwamuzi ukisema "siku hizi nakunywa kistaarabu" wakati faili la soba hausi (nyumba ya kutibu walevi) linasema usiguse. Asiye na utambuzi, ambaye hakuelekezwa kuacha, anaweza kuonyesha kwamba amepunguza na akaeleweka.

Kama maelekezo yako ya zamani hayaeleweki, rudi kwa mtaalamu ufanyiwe tathmini mpya, na umpe kila kitu: ripoti za polisi, rekodi za matibabu, na SF-86 yenyewe. Tathmini iliyofanywa kwa kukusikiliza wewe tu, bila nyaraka, inapanguliwa kwa swali moja: "Je, daktari alijua kuhusu kesi ya pili?" Barua nzuri inataja nyaraka zilizosomwa, utambuzi au kutokuwepo kwake, maelekezo (kuacha au kupunguza), na matarajio ya mtaalamu kuhusu siku za mbele.

#6 Bonde_la_Ufa

Dada Muuguzi, vipi vipimo vya damu? Na wanapouliza unakunywa kiasi gani, watu wetu wanajibu kwa chupa. Wenzetu wanahesabu vipi?

#7 MuuguziWaPwani

Swali zuri kaka. Kinywaji kimoja cha hesabu ya Marekani ni gramu 14 za alkoholi halisi, sawa na kopo la mililita 355 la bia ya asilimia 5. Kanuni: mililita mara asilimia (kwa desimali) mara 0.789, gawa kwa 14.

Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 inatoa gramu 16.6, yaani kinywaji 1.2. Kwa hiyo Tusker sita ni vinywaji saba, si sita. Konyagi ya asilimia 35, mililita 250, ni gramu 69, karibu vinywaji vitano. Kopo kubwa la mililita 473 la bia kali ya asilimia 7 ni karibu viwili. Unywaji wa kupindukia kwa hesabu zao ni vinywaji 5 kwa mwanamume au 4 kwa mwanamke ndani ya kama saa mbili. Mtu anayesema "chupa nne tu Jumamosi" huenda ameshaufikia bila kujua. Toa kiasi, ukubwa wa chupa na muda. Usimwachie mpelelezi akufanyie hesabu.

Vipimo: PEth ni cha damu, kinaonyesha unywaji wa wiki 2 hadi 4 zilizopita. Matokeo chini ya 20 ng/mL yanaendana na kutokunywa au kunywa kidogo sana, kwa hiyo hakithibitishi kuacha kabisa peke yake. EtG ya mkojo inashika siku chache tu, na kwa kikomo cha chini cha 100 inaweza kuonyesha chanya kwa sababu ya dawa ya kusukutua mdomo au sanitaiza, ndiyo maana wengi hutumia kikomo cha 500. Kipimo kimoja kilichofanywa wiki moja kabla ya kikao hakina maana kubwa. Vipimo vya kila mwezi kwa miezi mingi, bora vya kushtukiza, hivyo vinaongea.

Vikundi vya AA (watu wanaosaidiana kuacha pombe) vinasaidia watu kweli, nawaheshimu, lakini havitoi utambuzi wala tathmini. Beba karatasi za mahudhurio zilizosainiwa na barua ya mlezi wako wa AA, kisha ziambatanishe na ripoti ya mtaalamu, si badala yake.

#8 Mzalendo_Ughaibuni

Mimi naona mnawatisha watu. Ushauri nasaha wenyewe si ndio unakuharibia? Bora mtu aache kimya kimya bila kwenda kwa mtaalamu yeyote, asiwe na karatasi.

#9 MlindaFaili

Mkuu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na naomba wasomaji wasiufuate ushauri huo.

Vigezo vinne vya kupunguza uzito wa kosa kwenye Mwongozo G ni hivi: (1) muda mrefu umepita, au matukio yalikuwa machache, au yalitokea katika mazingira yasiyo ya kawaida; (2) unakiri tatizo, una ushahidi wa hatua ulizochukua, na umeonyesha mwenendo mpya; (3) uko kwenye matibabu sasa, hujawahi kutibiwa ukarudia, na unaendelea vizuri; (4) umemaliza matibabu na ufuatiliaji wake na umedumu. Vitatu kati ya vinne vinahitaji karatasi ambazo unawaambia watu wasiwe nazo. Anayeacha kimya anabaki na kigezo cha muda peke yake, na akiulizwa ameacha lini, ana neno lake tu.

Isitoshe, sehemu ya 21 ya afya ya akili ilishapunguzwa sana. Haiulizi ushauri nasaha wa ndoa, wa msiba au wa msongo wa mawazo. Wa pombe ndio unaotajwa, kwenye sehemu ya 24, na waamuzi wanausoma kama dalili njema. Hofu hii imewafanya watu wetu wengi waendelee kuumwa peke yao, na inauma kuona.

#10 KaraniWaShauri

Makosa mengine yanayoambatana na pombe, kwa haraka:

Ugomvi wa nyumbani. Ukitiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, hata kosa dogo, sheria ya shirikisho inakuzuia kumiliki au kushika silaha. Kwa askari au mlinzi hilo ni zito kuliko kibali chenyewe. Usikiri kosa hilo kwa makubaliano ya haraka mahakamani kabla ya kuzungumza na wakili anayejua athari hiyo.

Madeni. Sehemu ya 26 inauliza madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120, kodi ambazo hukuwasilisha, na kamari. Toa ripoti zako tatu za mikopo, andika kila deni, anza mpango wa malipo kabla ya fomu, na tunza risiti. Kutuma pesa nyumbani si kosa, ila usilipe harambee huku kodi ya serikali ikilala.

Uraia. Hili ni letu hasa. Fomu ya uraia, N-400, nayo iliuliza kuhusu kukamatwa. Aliyejibu "hapana" kule na "ndiyo" kwenye SF-86 ameweka maandishi mawili yanayopingana mbele ya serikali ileile. Ongea na wakili wa uhamiaji kwanza, kabla ya afisa usalama wa kampuni, maana hapo si kibali tu kilicho hatarini. Kwa ambao bado hawajaomba uraia: tangu uamuzi wa shauri la uhamiaji la Castillo-Perez wa mwaka 2019, hukumu mbili au zaidi za DUI ndani ya kipindi kinachoangaliwa (kwa kawaida miaka 5) zinakufanya uchukuliwe kuwa huna mwenendo mwema, mpaka wewe uthibitishe vinginevyo.

#11 Nyota_ya_Kilwa

Na aliyeshaituma SF-86 akiwa ameficha kitu? Anafanyaje?

#12 MlindaFaili

Anasahihisha leo. Mwongozo E unatambua juhudi za haraka na za kweli za kusahihisha *kabla* ya kukabiliwa na ukweli. Neno hilo "kabla" ndilo linaloamua. Amwandikie afisa usalama (FSO kwa makampuni) barua fupi: sehemu gani, jibu gani lilikuwa si sahihi, jibu sahihi, tarehe, na sababu ya kosa kwa sentensi mbili bila kujitetea. Abaki na nakala yenye tarehe. Mpelelezi akija, dakika za kwanza kabisa, kabla hajauliza: "Nina sahihisho kwenye sehemu ya 22." Akisubiri mpaka mpelelezi aweke ripoti ya polisi mezani, kigezo hicho kimeshamponyoka.

Na kisheria, kusema uongo kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5. Ukisoma maamuzi yaliyochapishwa utaona watu wenye DUI mbili waliopewa kibali, na watu wenye DUI moja waliyoificha walionyimwa.

#13 Bonde_la_Ufa

Kuhusu mahojiano. Kwa Top Secret mahojiano yapo daima, kwa Secret mara nyingi yanakuja pale penye jambo la kufafanua. Omba kuona kitambulisho cha mpelelezi. Yeye haamui, anaandika tu. Jibu ulichoulizwa, kwa miezi na miaka. Kama hukumbuki, sema hukumbuki, usikisie. Swali la "unakusudia kunywa siku za mbele?" litakuja. Usiape kwamba hutagusa tena maisha yako yote kama huna hakika. Kiapo kikivunjwa, kinakuwa kesi mpya.

Wanaochanganyikiwa sana ni wale waliomwambia mshauri wa soba hausi kwamba walikuwa wanakunywa bia kumi kwa siku, kisha wanamwambia mpelelezi mbili. Rekodi za matibabu ya ulevi zina ulinzi wake wa kisheria na zinahitaji idhini yako maalumu, lakini utaombwa idhini hiyo. Ziombe wewe kwanza, uzisome. Ukiona kosa, mwombe mtoa huduma aandike marekebisho.

#14 KaraniWaShauri

Ikifika barua ya kusudio la kukunyima. Inaitwa SOR, taarifa ya sababu. Kwa wafanyakazi wa makampuni ya kandarasi, utaratibu uko kwenye Maelekezo 5220.6 ya Wizara ya Ulinzi, na chombo ni DOHA, ofisi ya wizara hiyo inayosikiliza mashauri haya.

Una siku 20 tangu uipokee. Imepangwa kwa aya: 1.a, 1.b, 1.c chini ya Mwongozo G, kisha 2.a chini ya J, ambayo mara nyingi inarudia zilezile za kwanza. Jibu kila herufi peke yake: nakiri, au nakanusha, na maelezo. Kukanusha kwa jumla hakukubaliki. Jibu liwe chini ya kiapo, na humohumo useme kama unataka kikao mbele ya jaji wa utawala au uamuzi wa karatasi. Kwa masuala ya pombe, chagua kikao. Jaji akikuona, akakuuliza, akamsikia mkeo au bosi wako, anapata kitu ambacho karatasi haibebi. Ukichagua karatasi, serikali itakutumia faili lake na utakuwa na siku 30 za kujibu. Wasiojibu hapo ni wengi mno, na wanaanguka kwa ukimya.

Wakili unaruhusiwa kwa gharama yako, serikali haikupi. Vielelezo vyako vinapewa herufi A, B, C. Panga kwa tarehe: nakala za mahakama, matibabu, vipimo, AA, tathmini ya sasa, ripoti za utendaji kazini, barua.

Barua ndizo zinazoharibika kirahisi. Mchungaji au imamu anaandika kwamba wewe ni mtu mwema anayehudhuria ibada. Haina uzito, kwa sababu haionyeshi kama anajua. Mwandishi aseme amekujua tangu lini, anakuona mara ngapi kwa wiki, kwamba amesoma SOR yako, na amekuona ukifanya nini kwenye sherehe zenye pombe. Barua tatu za namna hiyo zinapita kumi na tano za sifa.

Kabla ya SOR huenda ukatumiwa maswali ya maandishi yenye muhtasari wa mahojiano yako, usaini kwamba ni sahihi. Usisaini kwa haraka. Sahihisha kila mstari usio wa kweli, maana ukishaukubali unakuwa ushahidi dhidi yako.

Ukishindwa, una siku 15 kutoa notisi ya rufaa, na hoja za maandishi ndani ya siku 45 tangu uamuzi. Bodi ya rufaa haipokei ushahidi mpya, inaangalia kama jaji alikosea. Kwa hiyo kipimo ulichosahau kuleta kikaoni kimepotea. Njia nyingine ni kusubiri mwaka mmoja na kuomba upya, kama utapata mwajiri wa kukudhamini.

Maamuzi ya DOHA yanachapishwa bila majina. Tafuta yenye "Guideline G", soma kumi: matano waliopewa, matano walionyimwa. Utajifunza kuliko kwenye uzi wowote, huu nao ukiwemo.

#15 Mzalendo_Ughaibuni

Nimesoma, nimekubali nilikosea pale juu. Nauliza la mwisho: akishapewa, amemaliza?

#16 MlindaFaili

Hapana mkuu, na nashukuru kwa uungwana. Siku hizi kuna ufuatiliaji endelevu: ukikamatwa usiku, taarifa inaweza kuifikia DCSA (shirika la Wizara ya Ulinzi linalochunguza wenye vibali) kabla hujatoka kwa dhamana. Waraka mwingine, SEAD 3, unakutaka uripoti mwenyewe kukamatwa, matibabu yanayohusu pombe au dawa, na mambo makubwa ya fedha. Safari binafsi za nje pia, kwa hiyo likizo ya Mombasa au Moshi iripoti kabla ya kuondoka. Ukiteleza ukanywa baada ya utambuzi, mpigie mtaalamu wako siku hiyohiyo, rudi kwenye matibabu, na mwambie afisa usalama. Tukio moja lililoripotiwa na kutibiwa linasomwa tofauti kabisa na tukio lilelile lililogunduliwa.

#17 Nyota_ya_Kilwa

Samahani, moja tu tena. Kuna aliyeambiwa kibali cha muda kimekataliwa. Ndiyo mwisho?

#18 KaraniWaShauri

Hapana dada. Kibali cha muda kinaangaliwa juu juu kwa fomu na rekodi za awali, na DUI yoyote inaweza kukizuia. Hakina rufaa, wala hakihesabiki kuwa kunyimwa kibali. Uchunguzi unaendelea. Amuulize mwajiri kama nafasi itamsubiri, na wakati anangoja aendelee na vipimo vya kila mwezi na mahudhurio, kila karatasi ikiwa na tarehe.